Tranka la Zamani: Namna ya Kulipekua, Kuokoa Kanda na Picha, na Kuamua Kipi Kitupwe

Tranka la bati lililorudi kutoka bweni huwa halifunguliwi mpaka siku ya kuhama nyumba au kupaka rangi chumba. Ndani yake mna kaseti zisizo na makasha, daftari la nyimbo lililoandikwa kwa kalamu za rangi tatu, kadi za kutakiana heri ya mtihani na barua zilizokunjwa mara nne. Chini kabisa, pamejikunja picha ya msanii uliyemzimikia ukiwa kidato cha pili, kona zote nne zimechanwa na selotepu.

Ukilifungua bila mpango, mambo huenda vibaya kwa njia mbili. Ama unasoma barua ya kwanza na jua linakuchwea hapo hapo, ama unachoka na kubeba lote mpaka jalalani. Kinachosaidia ni kipimo kimoja tu: je, kitu hiki kilichapwa kwa maelfu, au kina mkono wa mtu unayemjua? Picha ya ukutani ya Westlife au ya Shah Rukh Khan ilitoka kiwandani, na iliyo kama yako ipo kwa watu wengine. Lakini daftari ulimoandika mashairi ya nyimbo kwa kusikiliza redio, ukikosea maneno, lipo moja duniani. Na ile kaseti uliyorekodi redioni, yenye sauti ya mtangazaji akisoma salamu kabla wimbo haujaisha, ina thamani kuliko albamu halisi uliyonunua dukani. Wimbo wenyewe utaupata mtandaoni leo. Zile salamu hutazipata popote.

Vifaa vya kuandaa kabla ya kufungua

- Barakoa na glavu nyepesi. Vumbi la kuvu linaumiza kifua, hasa kwa mwenye pumu.
- Shuka jeupe la kutandaza sakafuni, ili vipande vidogo na wadudu waonekane.
- Brashi laini ya rangi ya inchi 1, ambayo haijawahi kutumika.
- Bahasha za khaki za A4, kama 20, na penseli laini ya 2B.
- Uzi wa kusafishia meno, mashine ya kukaushia nywele, na kisu butu cha mezani.
- Bisibisi ndogo ya nyota kwa ajili ya kaseti.
- Boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, lita 10 hadi 20.
- Vifuko vya silika jeli (chembe za kunyonya unyevu). Gramu 50 zinatosha boksi la lita 10.

Hatua ya kwanza: gawa bila kusoma

Jipe saa 2, weka kengele kwenye simu. Fungulia tranka nje au barazani, siku kavu, na kamwe usilifungulie juu ya kitanda. Likiwa na mchwa, viluwiluwi au mayai ya mende, ni heri uyajue ukiwa uani.

Toa kitu kimoja kimoja na ukiweke kwenye fungu lake: sauti na video (kaseti, kanda za deki, CD), picha, karatasi zilizoandikwa kwa mkono, karatasi zilizochapwa, vitambaa, na vitu vya umeme. Kinachonuka kuvu au chenye unga mweupe kiwekwe pembeni kwenye mfuko wake, hata kama ni kizuri kiasi gani. Hapa husomi wala husikilizi, na humpigii mtu simu kumwambia ulichokiona. Kusoma kutakuja. Ukianza sasa, karatasi zenye kuvu zitalala pamoja na picha safi usiku kucha, na ugonjwa utahama.

Betri zishughulikiwe siku hiyo hiyo. Simu za zamani za vitufe, redio ndogo na vichezeo vina betri zinazovimba au kuvuja. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe wala kuichaji. Itoe, iweke kwenye chombo cha udongo au cha bati chenye mchanga mkavu, kisha ipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Wakenya wengi husahau kadi za mtihani zilizokuwa zikiimba zinapofunguliwa. Ndani ya karatasi ile mna betri ndogo ya duara, nayo ikivuja hutoboa kadi na kuacha doa la kijani. Chana ukingo wa ndani kwa wembe, toa betri, gundisha tena. Usiiache mezani penye mtoto, maana akiimeza inaweza kumchoma koo ndani ya saa chache. Kadi yenyewe itunze: KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na kadi hizo ni kumbukumbu ya desturi nzima.

Kaseti zitangulie

Sauti itangulie picha kwa sababu mbili. Mkanda wenyewe unachakaa, na mashine za kuuchezea zinaadimika. Deki za VHS ziliacha kutengenezwa mwaka 2016, na redio kaseti nzuri sasa inatafutwa kwa mafundi wa mitaani.

Kabla ya kuichezesha kaseti, iinue uelekeze kwenye mwanga na uchungulie dirishani kwake. Mkanda mzima ni wa kahawia au mweusi, unang'aa na umelala sawasawa. Ukiona nyuzi nyeupe au unga kwenye kingo za mzunguko, hiyo ni kuvu. Usiichezeshe. Kuvu itahamia kwenye mashine, na kutoka hapo itazipata kaseti zako nyingine zote. Ifungie mfukoni peke yake mpaka utakapompata fundi anayejua kusafisha mkanda.

Kisha tazama kile kipande kidogo cha sponji kilicho katikati ya mdomo wa kaseti. Kazi yake ni kuubana mkanda kwenye kichwa cha kusomea. Kikianguka, sauti hupotea upande mmoja au husikika kama mtu anaongea akiwa chini ya mto, na watu hutupa kaseti wakidhani imekufa. Fungua skrubu zake 5, hamishia magurudumu yote mawili kwenye ganda la kaseti mbovu yenye sponji nzima, funga. Ganda lisilo na skrubu limegandishwa, itabidi ulipasue taratibu kwenye mshono.

Tazama pia vijino viwili vya plastiki vilivyo juu. Ukishika kaseti mdomo ukiwa chini, kijino cha kushoto ndicho kinacholinda upande unaokutazama. Kikiwepo, kivunje sasa, ili mtu asibonyeze kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya. Na kama tundu limezibwa kwa karatasi au selotepu, hiyo ni alama kwamba kaseti ya dukani ilirekodiwa juu yake kitu kingine, mara nyingi kipindi cha redio. Hizo ndizo za kwanza kusikiliza!

Urefu nao una maana. Kaseti ya dakika 60 ina mkanda mnene, inavumilia. Ya dakika 90 ni nyembamba kidogo. Ya dakika 120 ni nyembamba mno, na redio huila kwa urahisi, basi usiirudisherudishe. Zile za 60 na 90 zipeleke mbele mpaka mwisho kisha uzirudishe mara moja kabla ya kucheza, ili tabaka zilizoshikana kwa miaka ziachiane. Redio ikiwa dhaifu, zungusha kwa kalamu ya Bic kama zamani. Mbinu ile ilikuwa sahihi.

Safisha kichwa cha kusomea kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya rangi ya zambarau inayouzwa kwa ajili ya majiko haifai, kwa kuwa inaacha rangi. Kigurudumu cha mpira kisafishe kwa maji yenye sabuni kidogo tu, maana spiriti hukikausha na kukipasua.

Kuihamishia kompyuta

Toa waya kwenye tundu la spika za masikioni la redio kaseti, upeleke kwenye kompyuta. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kompyuta mpakato nyingi zina tundu moja tu la sauti, na tundu hilo hupokea maikrofoni ya upande mmoja. Ukichomeka redio hapo, sauti inakuja kubwa kupita kiasi, inapasuka, na upande wa pili unapotea. Dawa yake ni kifaa kidogo cha USB chenye tundu la kuingizia sauti lililoandikwa "line in". Kilichoandikwa maikrofoni tu kitakurudisha pale pale.

Pakua Audacity, programu ya bure. Weka kiwango cha 44100 Hz, stereo, na sauti ya redio iwe katikati. Cheza dakika 2 za sehemu yenye kelele nyingi, ukitazama mita: kilele kisipite -6 dB. Mita ikigonga mwisho, punguza kwenye redio, maana sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairekebishiki baadaye. Kisha rudisha mkanda mwanzo, rekodi upande mzima bila kukatiza, na uhifadhi kama WAV. Hesabu MB 10 na ushee kwa dakika: kaseti ya dakika 60 itachukua kama MB 635, ya dakika 90 karibu MB 950. Nakala ya MP3 ya kbps 192 ndiyo ya kuwatumia ndugu, nayo itakuwa chini ya MB 90 kwa saa moja.

Usikate maneno ya mtangazaji, usifute mvumo wote wa mkanda. Programu za kuondoa kelele, zikikazwa, huifanya sauti ya mtu iwe kama inatoka ndani ya mtungi. Mkanda ukianza kulia kama mlango usiopakwa mafuta, simamisha mara moja. Ukikatika, unga kwa utepe maalumu wa kuungia kanda. Selotepu ya kawaida hutoa gundi pembeni ikakwama kwenye kichwa. Itumie tu kama huna njia nyingine, kwa kucheza mara moja ukiwa unarekodi.

Faili ipe jina la kueleweka hapo hapo: 2001-08_redio_salamu_upandeA. Hujui mwaka? Sikiliza matangazo ya biashara na taarifa ya habari iliyonaswa katikati. Mara nyingi ndizo zinazotaja kipindi chenyewe.

Kanda za deki zinafuata utaratibu huo huo, kwa kifaa cha USB chenye waya wa njano, mweupe na mwekundu. Kanda za Afrika Mashariki ni za mfumo wa picha uitwao PAL. Iliyotumwa na mjomba aliyekuwa Marekani huenda ni ya mfumo wa NTSC, na kwenye deki isiyoukubali mfumo huo picha itaruka au kukosa rangi. Kanda haijaharibika, mashine ndiyo siyo. Kuhusu CD zilizochomwa nyumbani, nakili zote leo, hata zile zinazocheza vizuri.

Picha za albamu zenye gundi

Albamu za kurasa za gundi na karatasi ya nailoni juu zilipendwa sana, nazo ndizo adui mkubwa wa picha. Gundi hugeuka njano na kuing'ang'ania picha mgongoni. Usivute kona. Kwanza piga au skani ukurasa mzima ulivyo, maana mpangilio wenyewe na maandishi ya pembeni ni habari. Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, ukiusogeza kushoto na kulia kama msumeno. Ikikataa, elekeza mashine ya nywele yenye moto mdogo mgongoni mwa ukurasa kwa sekunde 20 hadi 30, halafu jaribu tena. Ikikataa mara ya tatu, kata ukurasa kuizunguka na uiache na gundi yake.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue hata kidogo. Uso wake wa jelatini umeshikana na kioo, nao utabaki huko. Iskani ndani ya kioo. Picha za studio zilizogandana zenyewe kwa zenyewe zinaweza kulowekwa kwenye maji safi ya baridi mpaka ziachiane, dakika 30 au zaidi, kisha zianikwe kivulini uso ukiwa juu. Zilizochapwa kwa printa ya wino usizitie maji, zitayeyuka.

Kuskani: dpi (nukta kwa inchi) 600 kwa picha ya sentimita 10 kwa 15, na dpi 2400 au zaidi kwa negativi. Kama huna skana, simu inatosha. Weka picha mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua, zima flashi, na simu iwe sambamba na meza. Ukiituma WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo itabanwa na ubora utapungua.

Andika majina ya watu walio pichani wakati wanaowakumbuka wangali hai. Picha ya karatasi ya kale huandikwa mgongoni, ukingoni, kwa penseli ya 2B. Mgongo wa plastiki haushiki penseli, basi andika kwenye bahasha kabla ya kuitia picha ndani. Kalamu ya wino hukwaruza na kuhamia kwenye picha ya chini yake.

Uliyemzimikia ukutani

Karatasi ya gazeti hugeuka njano na kukatikakatika kwa sababu imetengenezwa kwa mbao ambazo hazikuondolewa lignini (kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti), na lignini hubadilika ikikutana na mwanga na hewa. Huwezi kuirudisha nyuma. Unaweza kuipunguza kasi, na unaweza kuskani.

Picha iliyojiviringisha, iache siku moja chumbani ilegee, kisha iweke katikati ya makadibodi mawili safi, vitabu juu, kwa siku 3 hadi 7. Usiiviringishe kinyume, itavunjika. Usiipige pasi: karatasi inayong'aa huyeyuka na kushika pasi. Selotepu ya zamani haivutwi. Pasha kwa mashine ya nywele, ingiza kisu butu taratibu chini yake. Ile dawa ya meno iliyotumika bwenini badala ya gundi hukauka kama chokaa, ikwangue ikiwa kavu. Uji wa unga wa ngano ni hatari kuliko zote kwa sababu mende huufuata, kwa hiyo ondoa kila chembe yake. Pini za stepla zenye kutu ziinue miguu kwa kisu, usizing'oe kwa kucha.

Na tafadhali, usikimbilie leminesheni. Kila duka la steshenari litakushawishi. Joto lile na plastiki ile havitoki tena, na unyevu ulioingia pembeni hubaki humo ukioza karatasi mbele ya macho yako. Bahasha ya plastiki iliyo wazi upande mmoja inatosha.

Kipi ubakize? Kwa kila msanii au mchezaji, bakiza kimoja: kile ulichoandika jina lako, ulichochora moyo, au ulichotumiwa na rafiki. Vingine piga picha, toa. Isipokuwa vipande vya magazeti vyenye habari. Hivyo vina uzito wa historia, hata kama siku ile ulivikata kwa ajili ya sura tu. Mwenye vipande vya Machi 2003, rapa E-Sir alipofariki katika ajali ya barabarani akiwa na miaka 21, ana ushahidi wa namna vijana wa Kenya walivyoomboleza. Mwenye picha za rapa wa Tanzania, Mr. II au Professor Jay, wa siku za kofia na suruali pana ana sura za vijana walioingia bungeni baadaye, mmoja kutoka Mbeya Mjini mwaka 2010, wa pili kutoka Mikumi mwaka 2015. Kipande kisicho na tarehe kinapoteza nusu ya maana yake. Kama kichwa cha ukurasa kilikatwa, tafuta tarehe kwenye tangazo au ratiba ya televisheni iliyo mgongoni.

Barua na daftari la nyimbo

Zikunjue barua zote na uziache zimenyooka, kwani karatasi hukatikia kwenye mkunjo. Zilizotiwa poda, zikung'utie nje. Bahasha usitupe. Vijana wengi hawakuandika tarehe, na muhuri wa posta ndio utakaokuambia mji na mwezi. Daftari la nyimbo liskani lote, pamoja na majalada na kurasa zilizochafuka, na usilikaushe juani, wino wa kalamu hufifia kwa mwanga.

Barua ya mtu mwingine imebeba siri yake pia. Kabla hujairusha kwenye kundi la waliomaliza nawe shule, muulize mwandishi wake, huyo sasa ni baba au mama wa watu. Asiyepatikana, barua yake ifungwe kwenye bahasha na ibaki hapo. Mwenzi wako naye aelezwe mapema ni nini kimo na kwa nini kinabaki. Bahasha iliyofichwa juu ya kabati italeta ugomvi ambao barua yenyewe isingeuleta.

Wadudu, unyevu na boksi jipya

Daftari au kitabu chenye wadudu kitie kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, funga, weka kwenye friza ya nyuzi -18 kwa wiki 2. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya karatasi baridi. Kaseti, CD na picha usizigandishe. Vidonge vya nondo navyo viache kabatini, maana mvuke wake una sumu na hudhuru plastiki.

Kuvu huamka unyevu wa hewa ukipita asilimia 65, na Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hukaa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo usifunge boksi siku ya mvua, utakuwa umefungia unyevu ndani. Chagua siku kavu, alasiri, vitu vikiwa vimepigwa na upepo. Silika jeli iliyolegea, isiyo kwenye kifuko, hukaushwa upya kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa 2 au 3. Mchele usiutumie, unaita fukusi.

Kaseti zisimame wima kama vitabu, mbali na spika kubwa kwa sababu ya sumaku zake. Boksi lisiwekwe darini chini ya bati, joto hupinda plastiki, wala sakafuni moja kwa moja. Inua sentimita 10 kwa matofali, acha upenyo kati yake na ukuta. Faili ziwe na nakala 3: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na moja kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine.

Lifungue boksi mara moja kwa mwaka, Februari, kabla masika hayajaanza. Nusa, badilisha silika, jaribu faili mbili tatu kama bado zinacheza.